Ganda Tupu Mkononi mwa Mwindaji: Historia ya Kujaza Risasi za Bunduki za Wenzo

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, bunduki za wenzo zilizotengenezwa New Haven, jimboni Connecticut, zilienea katika nyika za magharibi mwa Marekani na kuwa chombo cha kila siku cha mwindaji, mchungaji na mlinzi. Bunduki ya wenzo ni ile ambayo mpigaji akikisukuma chini kishikio cha chuma kinachozunguka kifyatulio, kisha akakirudisha juu, ganda lililotumika hutoka na risasi nyingine huingia mtutuni bila yeye kuishusha silaha begani. Waandishi wa historia ya silaha wamewashughulikia mno wavumbuzi na wenye viwanda, lakini kazi ya mikono ya wale waliozilisha bunduki hizo mbali na reli na maduka imepewa nafasi ndogo kuliko inavyostahili, ilhali bila kazi hiyo wenzo usingekuwa na kitu cha kupakia.

Risasi kamili ya zama hizo ilikuwa na sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, fataki, yaani kikombe kidogo chenye kemikali inayolipuka ikigongwa na pini, baruti, na kichwa cha risasi, ambacho ndicho kinachoruka. Bunduki ya Henry, iliyopewa hataza mwaka 1860, na ile ya Winchester ya mwaka 1866, zilitumia maganda ambayo kemikali ya kulipua ilipakwa ndani ya ukingo wa kitako, na kwa kuwa pini iliuponda ukingo huo, ganda likishapigwa mara moja lilikuwa la kutupwa. Mabadiliko yalikuja na bunduki ya Winchester ya mwaka 1873, ambayo risasi yake, .44-40, ilikuwa na fataki ya kupachikwa katikati ya kitako, fataki ambayo ingeweza kuchokolewa na kubadilishwa. Namba ya kwanza ya jina hilo hutaja kipenyo kwa sehemu za inchi, na ya pili hutaja uzito wa baruti kwa greini, kipimo ambacho 7,000 hufanya ratili moja.

Fataki zenyewe zilikuwa za aina mbili, zote za miaka ya 1860: moja ilibuniwa na Edward Boxer wa jeshi la Uingereza, nyingine na Hiram Berdan wa Marekani, na hatimaye kila upande ulichukua ya mwenzake, Marekani ikashika ya Boxer na sehemu kubwa ya Ulaya ikashika ya Berdan. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, hivyo pini iliyonyooka ikipitishwa kutoka mdomoni huisukuma fataki kuukuu nje. Ganda la Berdan lina matundu madogo ya pembeni, na kulivua fataki ni kazi ya kutesa. Ni haki kusema kwamba uamuzi huo mdogo wa viwandani ndio ulioifanya Marekani, kuliko nchi nyingine yoyote, kuwa nchi ya wajazaji.

Kampuni ya Winchester ilikuwa ikiuza vifaa vya kujazia kufikia katikati ya miaka ya 1870, na mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal katika mji uleule wa New Haven, akauza koleo la mikono miwili lililofanya karibu kazi zote, baadhi ya aina zikiwa na kalibu ya kusubia kwenye ncha yake. Mwindaji aliyekuwa kambini alianza kwa kung'oa fataki zilizokwisha na kuosha maganda kwa maji ya moto, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kuila shaba. Kisha aliyeyusha madini ya risasi katika upawa wa chuma juu ya moto, akatia stani kidogo, metali nyeupe inayoyaongezea ugumu, akamimina katika kalibu na kuangusha kichwa kimoja baada ya kingine. Mifereji iliyozunguka kila kichwa aliijaza nta iliyochanganywa na shahamu, ili masizi yabaki laini ndani ya mtutu na yasigande. Mwisho alipachika fataki mpya, akachota baruti kwa kikombe cha kupimia, akaweka kichwa juu yake na kukibana kwa koleo.

Kipimo hicho cha kikombe hakikuwa uzembe. Baruti nyeusi hujaza ganda mpaka chini ya kichwa bila kuacha nafasi ya hewa, na kwa hiyo ukubwa wa ganda wenyewe uliweka mpaka: aliyetaka kuzidisha hakuwa na mahali pa kuweka ziada.

Thamani ya ganda tupu ilijulikana pia na pande zilizokuwa vitani. Richard Irving Dodge, afisa wa jeshi la Marekani aliyekaa miaka mingi nyikani, aliandika kwamba wapiganaji wa makabila ya wenyeji walijua kuyajaza upya maganda, wakitumia hata fataki ndogo za bunduki za zamani walizozishindilia mahali pa zile za asili. Mnamo Agosti 1876, wiki chache baada ya mapigano ya Little Bighorn kati ya jeshi hilo na makabila hayo, Kongresi ilipitisha azimio la kuzuia risasi za maganda ya chuma zisiwafikie, lakini azimio lingeweza kuzuia bidhaa dukani. Lisingeweza kuokota maganda yaliyokwisha kutapakaa ardhini.

Ugumu halisi wa ufundi huu ulijitokeza bunduki za wenzo zilipotafuta nguvu ya kumwangusha nyati wa Marekani na dubu. Jeshi lilikuwa limechukua risasi ya .45-70 mwaka 1873, yenye kichwa cha greini 405, yaani takriban gramu 26, lakini risasi hiyo ilikuwa ndefu kupita mtambo wa Winchester wa mwaka 1876, ambao ulifungwa kwa viungo viwili vinavyonyooka kama goti. Ndipo kiwanda kikabuni .45-75, ganda fupi nene lililobeba baruti nyingi nyuma ya kichwa cha greini 350, na polisi wapanda farasi wa kaskazini-magharibi mwa Kanada wakaichukua. Tatizo lilitatuliwa na John Moses Browning wa Ogden, Utah, ambaye mtambo wake wa mwaka 1886 ulifungwa kwa vyuma viwili vilivyosimama wima, ukamudu .45-70, .45-90 na baadaye .50-110.

Bunduki hizo zilimwekea mjazaji masharti yake. Kwa kuwa risasi hukaa zikifuatana ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake, kichwa kilipaswa kuwa na ncha bapa, la sivyo mshtuko wa kupiga ungeweza kuilipua fataki bombani. Mdomo wa ganda nao ulipaswa kukunjwa juu ya kichwa, maana springi ya bomba na mshtuko huohuo hukisukuma kichwa ndani. Zaidi ya hayo, wenzo hauna nguvu nyingi ya kulazimisha risasi iliyovimba kuingia, hivyo ganda lililotanuka kwa joto la mlipuko lilihitaji kurudishwa kwenye vipimo vyake, jambo ambalo mwenye bunduki ya risasi mojamoja angeweza kulipuuza kwa muda.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na ndani ya miaka michache desturi iliyokuwa salama ikageuka hatari. Baruti hiyo ilikuwa na nguvu nyingi katika ujazo mdogo, na mtu aliyelijaza ganda kwa kikombe kilekile cha zamani aliweza kuipasua bunduki yake usoni. Kikombe kilipaswa kuipisha mizani. Vilevile, nafasi iliyobaki tupu ndani ya ganda ilimaanisha kwamba kichwa hakikuegemea tena baruti, bali mkunjo wa mdomo pekee. Adui mwingine hakuonekana kwa macho: zebaki iliyokuwamo katika fataki nyingi, ambayo awali ilifyonzwa na masizi mengi ya baruti nyeusi, sasa iliishambulia shaba moja kwa moja na kuifanya iwe ya kuvunjika. Wajazaji wengi waliona maganda yao yakipasuka bila kujua sababu, na risasi za kiwandani zilipozidi kupatikana wakaacha.

Zama hizo mpya ndizo zilizoleta bunduki ya wenzo katika historia ya Afrika Mashariki kwa namna iliyoandikwa sana. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani aliyeshuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, alikuja na Winchester ya mwaka 1895 yenye risasi ya .405, iliyotolewa mwaka 1904 ikiwa na kichwa cha greini 300, na akaitumia dhidi ya simba. Bunduki hiyo ilipanga risasi kwenye kisanduku badala ya bomba, na risasi zake, zilizobebwa na wapagazi, zilikuwa za kiwandani. Wakati huohuo wenyeji wengi waliokuwa na bunduki walishika gobori, wakipima baruti kwa mkono na kuishindilia mdomoni mwa mtutu.

Kujaza kwa mikono kulifufuka nchini Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambapo Bruce Hodgdon wa Kansas aliuza baruti ya ziada ya jeshi kwa bei nafuu. Kampuni ya Marlin ilirudisha .45-70 katika bunduki ya wenzo mwaka 1972, na viwanda vya Japani na Italia vikaanza kuiga mitambo ya Winchester. Kwa risasi ambazo maganda yake ni adimu, kama .50-95, wajazaji huyafupisha na kuyatanua yale ya .348. Nacho kitabu cha vipimo cha leo huipa .45-70 majedwali matatu yaliyotengana, la kwanza kwa mitambo dhaifu ya bunduki za jeshi za mwaka 1873, la pili kwa bunduki za wenzo za kisasa, na la tatu kwa bunduki imara zaidi za risasi mojamoja, ingawa ganda ni lilelile na linaingia katika zote tatu bila kizuizi chochote.