Daftari la Ovataimu Halikupanda Ghorofani

Gazeti nililoanzia kazi Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1980, lilikuwa na wapiga chapa chini na waandishi juu. Kule chini, nyuma ya mlango, daftari lenye jalada gumu lilining'inia kwa kamba kwenye msumari. Fundi akipitiliza saa yake ya kutoka, anaandika jina na saa, msimamizi wa zamu anatia sahihi, na mwisho wa mwezi daftari linakwenda kwa mhasibu. Juu hakukuwa na kitu kama hicho. Mimi nilianzia chini, nikisoma prufu. Nilipopandishwa kuwa mhariri msanifu mshahara uliongezeka kidogo, ovataimu ikakatika mwezi huohuo. Mzee mmoja mpanga herufi, mwenye vidole vilivyoingia wino mpaka kwenye mizizi ya kucha, alinishika mkono akasema, "Hongera mwanangu. Ila ujue huko juu hawaandiki saa."

Kwa nini hawakuandika? Wengi wetu tulidhani ni ubahili wa mwajiri wetu, na ubahili ulikuwepo. Lakini mazoea yale ni ya zamani kuliko mwajiri yeyote niliyemfanyia kazi.

Magazeti ya Kiswahili yalizaliwa kama kazi ya baada ya kazi. Msimulizi, lililoanza 1888 katika shule ya misheni ya Kiungani, Zanzibar, lilikuwa la wanafunzi na walimu wao. Kiongozi la Tanga, enzi ya Mjerumani, lilijazwa na barua za walimu na makarani waliokuwa wametawanyika vituoni. Mambo Leo, lililotolewa na Idara ya Elimu ya serikali ya Mwingereza kuanzia Januari 1923, liliishi kwa mashairi na habari za wilayani zilizoletwa na wasomaji wenyewe. Shaaban Robert, ambaye mashairi yake yalitoka humo, alikuwa karani wa forodha. Mchana alikuwa mtumishi wa forodha, ushairi ulikuwa na muda wake mwingine. Mtu aliandika usiku kwa taa ya chemli, akatia bahasha posta, na ujira wake ukawa kuliona jina lake limechapwa.

Siwalaumu hata kidogo. Bila wao tusingekuwa na nathari ya magazeti. Ila tazama upande wa mashine. Pale Tanga vijana walifundishwa uchapaji shuleni kama ufundi, sawa na useremala, na ufundi una ujira unaojulikana. Tangu hapo mikono ya mpiga chapa ikawa kazi, na kalamu ya mwandishi ikawa heshima. Heshima haina saa ya kutoka.

Siasa za uhuru ziliongezea. Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam, alianzisha Kwetu mwaka 1937 na kuliendesha kwa jasho lake. Mwalimu Nyerere alihariri Sauti ya TANU huku akizunguka nchi nzima kuhutubia, na mwaka 1958 mahakama ikamtoza faini ya shilingi 3,000 kwa maneno yaliyotoka humo. Nani angethubutu kuuliza habari za ovataimu mbele ya watu wa namna hiyo? Gazeti la Uhuru lilipoanza 1961, na The Standard lilipotaifishwa Februari 1970, waandishi wa rika lililotufundisha kazi walijiona askari wa ujenzi wa taifa, na waliamini hivyo kwa moyo wao wote. NUTA ilianzishwa 1964 ikiwa chama kimoja cha wafanyakazi wote, lakini katika miaka yangu ya mwanzo sikuwahi kusikia suala la saa za chumba cha habari likisimamiwa na mtu. Sheria ya Magazeti ya 1976 nayo iliandika mengi kuhusu uchochezi na usajili wa gazeti. Kuhusu usiku wa anayeliandika, haikuandika neno.

Jambo hili si letu peke yetu. Marekani wapiga chapa waligoma mwanzoni mwa karne ya 20 wakapata siku ya saa 8, waandishi wa majengo yaleyale wakabaki bila kikomo. Mwaka 1933, serikali ya Roosevelt ilipotaka kila biashara ijiwekee kanuni za saa na mishahara, wamiliki wa magazeti walikuja na hoja kwamba mwandishi ni mwanataaluma, kwa hiyo kikomo cha saa hakimhusu. Heywood Broun, mwandishi wa safu aliyekuwa na jina kubwa New York na mshahara mnono, aliwajibu Agosti mwaka huo kwa kuwaita wenzake waunde chama. Desemba chama kikazaliwa, American Newspaper Guild, naye akawa rais wake mpaka alipofariki 1939. Nikisoma hoja ya wale wamiliki nasikia sauti ya meneja mmoja wa kwetu, aliyetuambia kikaoni kwamba saa za ziada ni za vibarua.

Nieleze usiku wenyewe ulivyokwenda. Kurasa za ndani zilifungwa jioni. Ukurasa wa kwanza na wa mwisho zilisubiri, na magari ya mikoani nayo yalisubiri uani, kwa sababu gazeti la Mbeya lisipoondoka kwa wakati linafika limeshakuwa la jana. Hapo ndipo tangazo lililolipiwa likachelewa, au umeme ukakatika na jenereta ikakosa dizeli. Unakaa. Huwezi kuondoka kwa kuwa ukurasa una jina lako, na huwezi kufanya kitu kwa kuwa hakuna cha kufanya. Kisha gari la kuturudisha nyumbani: linaanza Kinondoni, linapita Magomeni, linakwenda Ubungo mpaka Kimara, ndipo ligeuke kuelekea Mbagala nilikokaa mimi. Wanangu walizoea kunisikia nikigonga mlango karibu na adhana ya alfajiri. Muda wa garini haukuwahi kuitwa kazi, nami sijui ningeuita nini kingine.

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Siku zile mwenzetu wa Mwanza alitusomea majina ya marehemu kwa simu, mimi nikiandika, laini ikikatika katikati ya jina. Nikimpata tena naanza kwa kuuliza, "Uliishia Rwe, au Rwa?" Niliogopa kukosea herufi moja, maana kuna mama mahali fulani angelinunua gazeti asubuhi kutafuta jina hilo hilo. Hakuna aliyekumbuka saa. Oktoba 14, 1999, Mwalimu alipofariki, ilikuwa vilevile: waliokuwa likizo walirudi wenyewe bila kuitwa. Siku hizo sidai hata senti, na nikiambiwa nizirudie nitazirudia.

Ninachodai ni zile nyingine. Kwa kila usiku kama wa MV Bukoba kulikuwa na mamia ya usiku wa kusubiri tangazo la zabuni, na tulipolalamika tulikumbushwa usiku ule mkubwa. "Mbona siku ile mlikaa?" Moyo tuliouonyesha kwa ajili ya wafiwa ukageuzwa kuwa utaratibu wa kila siku, na utaratibu huo ukaokoa fedha za watu wasiokuwemo ndani ya jengo usiku huo.

Baada ya 1992, vyama vingi viliporudi, magazeti binafsi yakazaliwa kwa wingi, nasi tukafurahi. Uhuru wa kuandika uliongezeka kweli. Lakini mengi yalijengwa juu ya mgongo wa mwandishi wa mkoani asiye na mkataba, anayelipwa kwa habari iliyotoka. Habari isipotoka, siku yake nzima haikuwepo. Nauli ni yake, simu ni yake. Mratibu wa semina akimkunjia posho ndani ya bahasha, bahasha ile mara nyingi ndiyo nauli ya kurudi. Tumeandika tahariri nyingi dhidi ya mshiko na makanjanja, nyingine nilizihariri mwenyewe. Zile nilizozihariri mimi hazikugusa kwamba aliyepokea bahasha alikuwa ametoka nyumbani alfajiri kwa ajili ya gazeti lisilomlipa.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki, na si zaidi ya 9 kwa siku. Saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Sheria hiyo imewatoa mameneja wanaosimamia wenzao na kuripoti kwa uongozi wa juu, na hapo ndipo wajanja walipopata mlango: nimeona chumba cha habari ambacho karibu kila mtu alikuwa mhariri wa kitu fulani, na hakuna aliyekuwa na mtu wa kumsimamia. Cheo cha kadi ya kazi hakimfanyi mtu kuwa meneja. Mwenye dai la malipo anapaswa kulifikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na vijana wengi ninaozungumza nao wanaijua tume hiyo kwa kesi za wengine walizoziripoti.

Korona ilipoingia 2020 matangazo yakakauka, na kampuni kubwa za habari za Nairobi zikakata mishahara. Huku kwetu nawajua waliopunguziwa siku: njoo siku tatu, lipwa nusu. Siku zile nyingine simu haikuacha kuita, kwa sababu tovuti haina saa ya kufungwa kama ukurasa, na kundi la WhatsApp la chumba cha habari halina zamu. Binti mmoja niliyemfundisha kuandika vichwa vya habari ameniuliza kama ujumbe wa mhariri saa 5 usiku, siku ambayo halipwi, ni kazi. Nimemwambia ni kazi, auhifadhi na tarehe yake, na asingoje siku 60 zipite.