Mjumbe na Aliyemtuma: Uwakilishi na Haki za Raia katika Nchi ya Ujiji

Katika lugha yetu maneno jumbe, mjumbe na ujumbe ni ndugu wa tumbo moja. Jumbe ni mkubwa wa mahali, mjumbe ni mtu aliyetumwa, na ujumbe ni yale aliyotumwa kuyasema. Wahenga waliposema kwamba mjumbe hauawi, walikuwa wakimlinda mtu wa katikati, ambaye maneno aliyoyachukua si yake. Walakini methali hiyo haikueleza ni nani mwenye haki ya kumtuma, na swali hilo limeisumbua siasa ya nchi yetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Tumechagua kulitazama kutoka Ujiji, kwa kuwa mji huu wa ufuko wa Ziwa Tanganyika umeonja tawala nyingi kuliko miji mingi ya bara.

Wafanyabiashara wa pwani walipofika Ujiji katika karne ya 19 waliwakuta wenye nchi. Wajiji walikuwa na wateko wao, wazee wenye dhamana ya ardhi, na Waswahili na Waarabu waliojenga pale walilazimika kupatana na wenyeji, hata zama za Mwinyi Kheri. Hatusemi kwamba hiyo ilikuwa serikali ya watu wote. Mji uliouza watumwa hauwezi kusifiwa hivyo. Tunalosema ni kwamba mzee wa mahali aliishi miongoni mwa wale aliowasemea, na akikosea walimkuta nyumbani kwake.

Wajerumani walibadili mambo hayo. Katika utawala wao jumbe aliwekwa chini ya akida, na kazi yake kubwa ikawa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Wabelgiji waliishika Ujiji tangu 1916 hadi 1921, kisha Waingereza wakaja na utawala wao wa kupitia wenyeji. Majina ya vyeo yalikuwa yetu, ila aliyewatuma wenye vyeo alikuwa mbali. Huyo jumbe wa kale akawa mjumbe kwa maana iliyo duni kabisa ya neno lenyewe.

Uhuru ulikusudiwa kugeuza mkondo huo. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na katikati ya miaka ya 1960 TANU iliunda mashina ya nyumba kumi kumi. Kila shina lilijichagulia mjumbe, ambaye wengine walimwita balozi. Tuzingatie maneno haya, maana yote mawili humtaja mtu aliyetumwa. Nia ilikuwa njema: manung'uniko ya mama muuza dagaa yapande kutoka shina hadi tawi, na kutoka tawi hadi juu. Nayo Katiba ya Muda ya 1965, ingawa iliruhusu chama kimoja tu, iliwapa wananchi wagombea wawili wa kuchagua, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wapiga kura hawakuwa wajinga. Mwaka huo huo walimwangusha hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha.

Basi mambo yaliharibikia wapi? Mwaka 1972 una jibu kubwa. Mwezi Julai mwaka huo ulianza mpango wa Madaraka Mikoani, ambao jina lake lilitangaza kwamba madaraka yanashuka kwa wananchi. Kwa kweli kilichoshuka ni maofisa. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji nazo zikafuata. Diwani, ambaye watu walimjua kwa jina na kwa nyumba, alitoweka, na mahali pake pakaja wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa. Sisi tunaokaa nyuma ya meza za ofisi twajua jinsi barua itokayo juu inavyojibiwa siku ile ile, na itokayo chini ikalala katika jalada.

Mwaka ule ule ilianza Operesheni Kigoma. Watu wa Buha kwa desturi hawakukaa kwa kubanana. Kila mji ulikuwa kando ya migomba yake, na nyumba ya jirani ilionekana ng'ambo ya bonde. Sasa walitakiwa kuhamia vijijini, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Ujiji penyewe palikuwa mji tangu zamani, lakini soko lake lililishwa na watu hao. Mtu aweza kubeba kitanda na chungu, na hata mabati ya paa kama anayo. Hawezi kubeba mgomba unaozaa wala mchikichi. Azimio la Arusha la 1967, katika imani ya TANU, lilikuwa limetaja haki ya kila raia ya kusema na ya kwenda atakako, kwa kufuata sheria. Ila raia aliyeambiwa ahame angempelekea nani shauri lake? Halmashauri haikuwapo tena. Mbunge alikuwa chini ya chama, na Mkuu wa Mkoa mwenyewe aliingia Bungeni kwa cheo chake. Alibaki mjumbe wa nyumba kumi, na huyo ndiye aliyeileta ile amri.

Twakiri kwamba vijiji vilisogeza shule na visima karibu na watu wengi. Jambo hilo halifuti lile la kwanza. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuvunja serikali za mitaa lilikuwa kosa. Wakati huo zilikuwa zikirudishwa.

Haki za raia zilichukua muda mrefu zaidi. Ziliingizwa katika Katiba kwa mabadiliko ya 1984, lakini mahakama zilizuiwa kuzisikiliza hadi Machi 1988. Kuhusu ardhi, sheria ya 1992 ilitaka kufuta madai ya waliopoteza mashamba katika operesheni. Baba mmoja na mwanawe kutoka mkoa wa Arusha walisimama mahakamani, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Ilikuwa miaka 22 tangu watu wa Kigoma waache migomba yao.

Mwaka 1994 huo huo jimbo la Kigoma Mjini, ambamo Ujiji imo, lilifanya uchaguzi mdogo chini ya vyama vingi. Azim Premji wa CCM alitangazwa mshindi, na Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA akapinga mahakamani. Miongoni mwa malalamiko yake ni kwamba Radio Tanzania, iliyogharimiwa na wananchi wote, ilibeba ujumbe wa upande mmoja. Mahakama Kuu iliutengua uchaguzi ule, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Katika uchaguzi mkuu wa 1995 watu wa Kigoma na Ujiji walimtuma Kabourou Bungeni.