Kuponya na Kuokoa

Injili ya Marko, iliyoandikwa kwa Kiyunani karibu na mwaka 70, yasimulia habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Mali yake iliishia kwa waganga, asipate nafuu. Alipoligusa vazi la Yesu, aliambiwa kuwa imani yake ndiyo iliyomponya. Katika Luka sura ya 7, mwanamke mwenye dhambi, asiyetajiwa ugonjwa wowote, aambiwa vivyo hivyo. Kitenzi cha Kiyunani ni kimoja. Lakini Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 yasema "kuponya" kwa wa kwanza, na "kuokoa" kwa wa pili.

Hata hivyo, Kiswahili chayajua yote mawili: jahazi likizama, afikaye pwani husemwa amepona. Kwa sheria ya Walawi sura ya 15, mwanamke yule alikuwa najisi, hata kitanda alicholalia. Basi kupona kwake kulikuwa pia kurudi kati ya watu.

Wala imani si deni la mgonjwa peke yake. Katika Marko sura ya 2, imani iliyoonwa ni pamoja na ya wale wanne waliombeba aliyepooza. Amlaumuye mgonjwa kwa kutopona, na ajiulize kwanza kama amembeba.