Lushebere: uzi na vikwembe vinapanda bei, fundi wa kushona afanye nini?

Huko Lushebere, karibu na Masisi-centre, mashini ya kushona inaweza kulisha nyumba nzima, ya mwenyeji ama ya mkimbizi wa ndani. Lakini bei ya vifaa ikipanda, fundi anaweza kushona mwezi mzima na asibakie na kitu.

Juu ya nini bei inapanda?

Uzi, sindano, zipu na vikwembe karibu vyote vinatoka ng'ambo. Vinashuka melini Mombasa ama Dar es Salaam, vinafika Goma, halafu vinapanda njia ya Sake, karibu kilometa 80 mpaka Masisi-centre. Kila barieri na kila siku gari linalala kwenye matope, mnunuzi wa mwisho ndiye analipa. Zamani Filtisaf ya Kalemie ilifuma vitambaa hapa nchini, leo imefungwa. Tena, banki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, pesa taslimu ilikuwa ngumu kupata.

Hesabu kwanza, bei baadaye

Mafundi wengi wanataja bei kwa mazoea. Kumbe mshono wa meta 1 unakula uzi karibu meta 3, kwa sababu uzi wa juu na ule wa bobini vinafanya kazi pamoja. Andika kwa daftari: uzi, zipu, makaa ya pasi, mafuta ya mashini, nauli, na siku za kazi. Bei isishuke chini ya jumla hiyo.

Kununua pamoja

Uzi wa koni kubwa unatoka rahisi kuliko vibobini vidogo. Mafundi watano wakiweka pesa pamoja kwa likirimba ama kwa AVEC, mmoja anaenda Goma kununulia wote: nauli ni moja. Inafaa kununua kitambaa cha iniforme, bluu na nyeupe, mbele ya Agosti, wakati wazazi wote hawajaanza kukitafuta.

Blanketi ya vipande

Baridi ya Masisi usiku haichezi, na mabaki ya vikwembe yana kazi. Kata vipande vya sentimeta 22 kila upande. Ukiacha sentimeta 1 ya mshono pande zote, vinabaki 20. Vipande 63, mistari 9 ya vipande 7, vinatoa blanketi ya sentimeta 140 kwa 180. Katikati weka blanketi ya zamani ama sweta za mitumba zilizofunguliwa, chini shuka ya mitumba. Usishone juu yote: funga fundo la uzi mzito kwenye kila pembe ya kipande. Hivyo tabaka tatu zinashikana na uzi kidogo tu.

Jambo moja lisisahauliwe: kikwembe kikiletwa na mteja, mabaki ni yake. Muombe kwanza. Uzi utapatikana tena, lakini mteja aliyepoteza imani harudi.