Kusi, Kipupwe na Adabu ya Pwani

Mwambao wetu haujui theluji, wala miti yake haipukutishi majani yote kwa mara moja. Hata hivyo nao una majira yake ya mawingu na ya baridi. Kwa sisi tulio kusini kidogo ya Ikweta, miezi ambayo watu wa Ulaya husherehekea jua lao ndiyo miezi yetu ya kujitanda: masika huanza Machi hata Mei, kisha huja kipupwe, Juni hadi Agosti, na juu ya yote mawili huvuma kusi. Katika miezi hiyo pwani za shamba hubadilika sura. Bahari ya nje hugeuka rangi, mawimbi huvunjikia mwambani kwa kishindo, usiku shuka moja haitoshi, na asubuhi ufuko hujaa majani yaliyong'olewa vilindini.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wazee wetu walijua kustarehe katika majira hayo bila ya kuiangamiza pwani. Hawakufanya hivyo kwa wema wa nyoyo peke yake, bali pia kwa sababu upepo wenyewe uliwawekea mpaka. Mpaka huo leo unavukwa kila siku. Na mpaka uliowekwa na upepo, ukishavukwa, hauwezi kurejeshwa isipokuwa na watu wenyewe, kwa hiari na kwa makubaliano.

Hesabu mbili za siku

Mtu wa pwani aliishi kwa hesabu mbili. Ya kwanza ni ya mwezi, ambayo kwayo alifunga na kufungua, akajua Rajabu na Shaabani. Hesabu hiyo ilimtumikia pia baharini, kwa kuwa maji hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bamvua huja: maji hujaa sana na kupwa sana, hata katika Unguja tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Katikati yake huwa maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayaji karibu. Mwanamke wa Jambiani au wa Chwaka hakuhitaji saa ya ukutani kujua lini atashuka kutafuta pweza na chaza. Alitazama mwezi wa jana usiku.

Lakini mwaka wa mwezi ni wa siku 354, na kwa hiyo huzunguka majira yote. Ramadhani huangukia masika, na miaka michache baadaye ikaangukia kaskazi. Hesabu hiyo haiwezi kumwambia mkulima lini apande mtama, wala nahodha lini ang'oe nanga. Hapo ndipo ilipokuja hesabu ya pili, ya jua, ambayo asili yake ni ya Kiajemi na jina la siku yake ya kwanza ni Nairuzi, au kwa kauli yetu Siku ya Mwaka. Kuanzia siku hiyo watu walihesabu miongo, yaani makumi ya siku: miongo 36, kisha siku 5 za kumalizia, jumla 365. Kwa kuwa hesabu hii haiongezi siku katika mwaka mrefu, Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne ukiilinganisha na kalenda ya Kizungu. Hata hivyo, katika umri wa mtu mmoja tofauti hiyo ni ndogo, na miongo ilitosha kumjulisha mvuvi kwamba kusi inakaza, au kwamba tanga mbili imekaribia.

Mwenye kuishi kwa hesabu hizo mbili huwa amekubali, hata bila ya kutamka, kwamba kila kitu kina siku yake, na kwamba zipo siku ambazo si zake.

Bahari iliyofungwa

Wafanyabiashara wa bahari kuu nao walikuwa chini ya hukumu hiyo hiyo. Vyombo vya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, vikarejea na kusi ilipoanza. Aliyechelewa akakutwa na Juni hakuwa na la kufanya. Katika bahari ya Uarabuni upepo wa miezi hiyo ni mkali mno, na mabaharia wa Kiarabu waliuita wakati huo kufungwa kwa bahari. Nahodha alivuta chombo pwani, akakisafisha na kukitia kalafati, akasubiri demani.

Kwa wapenzi wa ushairi ni vyema kukumbusha kwamba elimu hii kwa sehemu kubwa ilihifadhiwa kwa mashairi. Ahmad bin Majid, nahodha mzaliwa wa Julfar, ambayo ni Ras al-Khaimah ya leo, alitunga katika karne ya 15 tungo ndefu za uongozi wa vyombo, na mojawapo, As-Sufaliya, inaeleza njia ya kufika mwambao wa Afrika ya Mashariki hadi Sofala. Vina vilikuwa chombo cha kumbukumbu: beti likipotea neno, sikio huhisi pengo. Nyota, vina vya maji na majira ya pepo viliwekwa katika mizani ili visiharibike vinywani. Ushairi wa bahari, basi, tangu asili yake haukuwa wa kusifu mandhari tu. Ulikuwa wa kumwambia mtu lini aende na lini akae.

Aliyedharau majira alilipa. Tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, hata Pemba, iliyosalimika, ikawa tangu hapo ndiyo mama wa karafuu. Si ajabu kwamba Haji Gora Haji, mshairi wa Tumbatu aliyefariki mwaka 2021 na ambaye katika ujana wake alikuwa mvuvi na baharia, aliipa diwani yake ya mwaka 1994 jina la Kimbunga. Mtu wa kisiwani hujifunza mapema kwamba bahari ni mwenyeji na yeye ni mgeni.

Kipupwe ndani ya mwamba

Je, pwani za shamba zilikuwa zimekufa katika miezi hiyo? Hasha. Kusi ilipofunga bahari ya nje, maisha yalihamia ndani ya mwamba. Ngalawa na mitumbwi ilibaki katika maji ya kina kifupi, madema yakatupwa karibu, na wavuvi wengine wakahamia dago upande wa machweo, ambako kisiwa chenyewe ni kizuizi cha upepo. Mwamba wa nje ukapata miezi kadhaa ya kupumua. Hakuna aliyeuita upumzisho huo hifadhi. Uliitwa kusi tu.

Na katikati ya kipupwe ndipo Siku ya Mwaka inapoangukia katika zama zetu, karibu na tarehe 23 au 24 Julai. Makunduchi, kusini ya Unguja, ndiko inakosherehekewa kwa fahari zaidi, kwa jina la Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake hupita wakiimba, watu hukoga baharini, kisha hula. Nyumba hupenda kuwa na mgeni siku hiyo, na kukosa mgeni huhesabiwa kuwa si dalili njema. Starehe hii haiigharimu pwani kitu. Vigogo ni vya migomba iliyokwisha kuzaa, makuti ni makuukuu, na maji ya bahari hurudi baharini. Mgeni naye hualikwa kwa idadi ambayo chungu cha nyumba kinaweza kuilisha.

Kipimo hicho cha chungu ndicho ninachokiona kuwa kiini cha adabu ya zamani. Pwani ilifurahiwa na wengi, lakini kila mmoja alikuwa mgeni wa mtu fulani, na mtu huyo alijua kisima chake kina maji kiasi gani.

Mpaka ulivyovukwa

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mambo mawili yaliulegeza mpaka wa kusi. La kwanza ni mashine ya kupachika na barafu. Chombo chenye mashine hutoka siku ambayo ngalawa isingethubutu, na samaki wenye barafu husubiri soko la mbali. La pili ni ndege za watalii. Mgeni wa zamani aliletwa na kaskazi, na mgeni wa leo huletwa na likizo za shule za nchi za kaskazini, ambazo ni Julai na Agosti. Hivyo miezi ambayo pwani ya mashariki ilikuwa imejifunika shuka imekuwa ndiyo miezi ya pilikapilika zake. Ile kusi iliyomfungia mvuvi, leo ni bidhaa: huko Paje watu huvutwa na tiara juu ya maji, na kadiri upepo unavyokaza ndivyo wanavyofurahi.

Sina haja ya kuwalaumu wageni. Wengi wamo katika ajira na biashara kwa sababu yao. Lakini hesabu lazima ifanywe. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta Zanzibar watu 1,889,773, na mwaka 2023 peke yake walifika wageni zaidi ya 630,000. Visiwa vyetu havina mito mikubwa. Upande wa mashariki na kusini ya Unguja ni jiwe la matumbawe ya kale, na maji matamu hukaa ndani ya jiwe hilo kama utando juu ya maji ya chumvi. Masika ndiyo inayoujaza utando huo, na kipupwe, ambacho mvua zake ni chache, huanza kuutumia. Ripoti ya shirika la Tourism Concern ya mwaka 2012, iliyovitazama vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ilieleza kwamba mgeni mmoja hutumia maji mara 16 ya mwenyeji. Kisima kikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda, na aliye wa kwanza kuionja si mgeni.

Maji si jambo la pekee. Majani ya bahari yanayotupwa ufukoni na kusi hufagiliwa kila asubuhi ili mchanga uonekane mweupe, ilhali majani hayo hushika mchanga usichukuliwe na huwalisha wadudu wanaoliwa na ndege. Kasa hupanda pwani kutaga katika miezi hii hii ya masika na kipupwe, na watoto wao wakianguliwa hufuata mwanga wakidhani ni bahari. Taa za baraza zikiwaka usiku kucha, huwapeleka nchi kavu kufa. Bandu bandu humaliza gogo.

Kufunga kwa hiari

Zipo, hata hivyo, dalili kwamba mpaka unaweza kuwekwa upya. Matumbawe ya upande wa magharibi wa kisiwa cha Chumbe, penye mnara wa taa wa mwaka 1904, yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Nyumba zake za wageni ni saba tu. Kila paa hukinga mvua na kuiweka katika birika, vyoo havitumii maji, na waliokuwa wavuvi ndio walinzi wanaomweleza mgeni anachokiona. Wakati wa masika kisiwa hufungwa kwa wageni. Hapo hesabu ya kale imerejea kwa umbo jipya: masika ni ya kukinga na kupumzika, kipupwe ni cha kukaribisha, na wageni ni kadiri ya birika.

Upande wa uvuvi, kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi ya Madagaska, kilianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba wake ili pweza wakue, kisha kuifungua. Pweza hukua upesi mno, na miezi michache ya subira huonekana katika mizani. Rodrigues nayo ilianza mwaka 2012 kufunga uvuvi wa pweza kisiwa kizima kwa miezi miwili, Agosti hadi Oktoba. Katika miaka ya 2010 desturi hiyo ikashikwa Pemba, Kisiwa Panza kikiwa miongoni mwa vijiji vilivyotangulia. Ugumu wake unajulikana: miezi ya kufunga ni miezi ya njaa kwa wanawake ambao pweza ndiye mboga yao na ada ya skuli ya watoto wao. Kwa hiyo kufunga hakuwi haki mpaka wao wawe miongoni mwa wanaoamua lini kufungwe na nani atafungua.

Yanayomkuta mgeni

Nini, basi, kimfae anayetaka kuionja pwani ya shamba katika kusi na kipupwe? Naona mambo hayo si mengi. Ashuke ufukoni na mtu wa kijiji anayejua maji yanapokupwa, maana wakati wa bamvua mwamba huwa wazi lakini maji hurudi kwa haraka, na mguu usiojua hukanyaga kilicho hai. Ale kinachopatikana, na akiambiwa pweza amefungiwa, ashukuru. Aoge kwa kata kama wenyeji wake. Azime taa. Nyangumi wanaopita mwambao wetu kuanzia Julai awatazame kwa mbali, wala asimhimize mwenye mashua kuwakimbilia. Majani ya ufukoni ayaache yalipo, ayaone kuwa ni barua za kusi.

Lakini haki haitasimama kwa adabu ya mgeni pekee. Sheha, kamati za wavuvi, wenye mahoteli na Serikali ndio wenye ufunguo wa mlango ambao zamani ulishikwa na upepo. Wahenga walisema maji yakijaa hupwa, nasi tumezoea kuifahamu kauli hiyo kama onyo kwa mwenye kiburi. Kwa mtu wa pwani ni kauli ya matumaini pia, kwa sababu katika kupwa ndimo wanawake walimoshuka na vikapu, na katika kufungwa kwa bahari ndimo mwamba ulimopata nguvu za kuwalisha tena. Mwaka usio na siku za kupwa haujapata kuwapo katika hesabu zetu zote mbili, na hatuna sababu ya kuanza kuuhesabu sasa.