Sukari ya ukoma: kutoka kwa armadilo hadi ng'ambo ya Songwe

Ukimtajia mtu wa Galula jina Songwe, atafikiria mto unaopita kwao kuelekea Ziwa Rukwa. Lakini kuna Songwe mwingine, unaomwaga maji Ziwa Nyasa, na huo ndio mpaka wetu na Malawi. Ng'ambo yake ni wilaya ya Karonga. Huko, miaka ya 1980, damu za wanavijiji zilipimwa kwa molekuli iliyotengenezwa maabara: sukari iliyobandikwa kwenye protini.

Sisi tunaosoma polima zenye sukari tumezoea kutaja Prague, mwaka 1978, Hořejší na Kocourek walipofunga sukari kwenye poliakrilamaidi ili kunasa lektini, yaani protini zinazoshika sukari. Sawa, wanastahili. Ila kwangu mimi hadithi ya Karonga iko karibu zaidi na nyumbani, na inaonyesha kwa nini mtu ahangaike na kemia hii.

Tatizo lilikuwa ukoma. Bakteria wake aligunduliwa na Hansen, Norway, mwaka 1873, na mpaka leo hakuna aliyefaulu kumwotesha kwenye sahani ya maabara. Mwaka 1960 Shepard alimkuza kwenye nyayo za panya, lakini mavuno yalikuwa haba. Mwaka 1971 Kirchheimer na Storrs walionyesha kwamba anastawi ndani ya armadilo, mnyama wa Amerika mwenye magamba kama kakakuona wetu. Basi kwa miaka mingi aliyetaka bakteria wa kutosha alitegemea ini la armadilo aliyeambukizwa. Hebu fikiria kupima wilaya nzima kwa mtaji huo!

Mwaka 1981 Shirley Hunter na Patrick Brennan, wa Colorado, walieleza mafuta fulani ya bakteria huyo yenye sukari tatu mkiani. Ya mwisho kabisa ni glukosi iliyovalishwa vikundi viwili vya methili, kwenye kaboni namba 3 na namba 6. Ni pambo dogo tu, lakini mwili wa mgonjwa hulitambua na kulitengenezea kingamwili. Kwa hiyo tafuta kingamwili hizo kwenye damu, utajua nani amekutana na bakteria.

Shida ni kwamba yale mafuta hayayeyuki kwenye maji, na bado yalitoka kwa armadilo. Wanakemia wakaamua kuyaacha mafuta, wakajenga sukari peke yake. Kufikia 1984 kundi la Brennan lilikuwa limetengeneza sukari mbili za mwisho na kuzifunga kwenye protini. Baadaye wengine walijaribu pia mnyororo wa poliakrilamaidi.

Kwa nini kufunga? Kingamwili zinazohusika hapa nyingi ni za aina ya IgM, zenye mikono kumi. Mkono mmoja ukishika sukari moja, mshiko ni dhaifu, unaachia upesi. Zipange sukari nyingi kwenye molekuli moja kubwa, mikono kadhaa inashika kwa pamoja, na kuchomoka kunakuwa kazi. Hapo ndipo polima inapolipa.

Karonga palikuwa na mradi mkubwa wa utafiti wa ukoma, uliojaribu pia chanjo kwa watu zaidi ya laki moja. Mwaka 1988 Paul Fine, Jörg Pönnighaus na wenzao walichapisha matokeo ya kipimo cha sukari ya kutengenezwa. Hakuna armadilo aliyehitajika tena kutoa ile sukari.

Lakini kipimo kina udhaifu mkubwa. Wenye bakteria wengi kinawakamata vizuri. Wenye bakteria wachache, ambao ndio waliokuwa wengi Karonga, mara nyingi hakiwaoni, kwa sababu damu yao haina kingamwili za kutosha. Na wapo wazima wenye kingamwili ambao hawataugua kamwe. Hapa kemia haina kosa, ni mwili wenyewe unavyofanya kazi. Ila uzito wake ni mkubwa: unamwambiaje mtu mzima, kijijini ambako ukoma bado unafichwa, kwamba damu yake ina alama? Mimi ningesita. Chanjo, kwa upande wake, ilileta jibu bora zaidi: mwaka 1996 mradi ulitangaza kwamba BCG ya pili ilipunguza ukoma kwa karibu nusu.

Sukari ile haikutupwa, lakini. Katika jaribio la PEOPLE, lililoanza mwaka 2019 Komoro na Madagaska, kundi moja la vijiji lilitumia kipimo hicho kwa tone la damu ya kidole. Majirani wa mgonjwa, ndani ya mita 500, walipimwa, na waliokutwa na kingamwili ndio waliopewa rifampisini ya kujikinga. Swali lao halikuwa tena nani mgonjwa. Walitaka kujua nani apewe dawa kwanza.