Mzimu wa Riwaya na Mzimu wa Kaya

Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, nayo ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Tangu hapo wahakiki wameitazama aghalabu kwa jicho la upelelezi: Bwana Msa na kiko chake wamelinganishwa na Sherlock Holmes, na Najum akafanywa Watson wa Unguja. Ulinganisho huo ni wa haki, ila unaacha nje jambo ambalo msomaji hulikuta kabla ya kumkuta mpelelezi, yaani hofu. Maiti yaonekana mzimuni, na kwa kitambo msomaji hajui amtuhumu mtu au amtuhumu mzimu.

Hofu ya namna hiyo ina ukoo wake katika fasihi ya Uingereza. Horace Walpole aliianzisha mwaka 1764 kwa riwaya yake ya ngome ya Otranto, na mwaka 1794 Ann Radcliffe akaipa desturi nyingine: kila kilichotisha usiku hupewa sababu yake mchana. Abdulla yu karibu zaidi na Radcliffe. Muuaji wake ni binadamu, na fumbo lafumbuliwa kwa akili.

Lakini Mwingereza wa karne ya 18 aliogopa kwa starehe, kwani Otranto ilikuwa nchi ya mbali na zama zilizokwisha pita. Msomaji wa Diani au Msambweni hana umbali huo. Kaya Kinondo na Kaya Diani zi jirani na mashamba yake. Msikiti wa kale wa Kongo umesimama penye mlango wa mto Mwachema. Kusini zaidi yako mapango ya Shimoni. Hata neno lenyewe halimpi nafasi ya kupumua. Mzimu katika Kiswahili ni roho ya marehemu, na ni mahali pa kutambikia pia. Nalo limo katika ngeli ya mti na mto, si katika ngeli ya mtu. Mtafsiri akiandika "pepo" amepoteza mahali, akiandika "kaburi" amepoteza roho.

Kwa hiyo ule mgeuko wa mwisho, ambao humfurahisha msomaji wa mjini, yamkini una gharama kwa msomaji wa Kwale. Akifunga kitabu akiwa ameamini kwamba mzimu ni kisingizio tu cha wauaji, atautazamaje msitu wa kaya? Swali hili si la vitabuni pekee. Miiko ya kutokata mti wala kutotoa kitu kayani ndiyo iliyouhifadhi msitu kwa vizazi vingi, na wazee hawakuwa na askari wa kuilinda. Viwanja vya ufuo wa Diani vilipopanda thamani kwa ajili ya hoteli, miiko hiyo haikutosha tena peke yake. Mwaka 1992 kaya kadhaa za Kwale zilitangazwa kisheria kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwa mojawapo, katika orodha ya urithi wa dunia.

Hata hivyo, kumsoma Abdulla kama mbomoaji wa mizimu ni kumwonea. Bwana Msa hashindani na mzimu. Ashindana na mtu aliyetenda uovu chini ya kivuli chake. Mzee wa kaya naye angemkasirikia mtu huyo, tena pengine kuliko polisi, maana amemwaga damu pasipomwagwa damu ya mtu.

Baadaye mwandishi alirudi katika giza hilo kwa Kisima cha Giningi, mwaka 1968, akitumia jina ambalo Wazanzibari hulihusisha na makutano ya wachawi. Mwaka 1973 akatoa Duniani Kuna Watu, na katika jina hilo mizimu haimo tena.